Kufuli ya kumzuia mwizi isiwe jela ya familia moto unapozuka

Giza linapoingia, kuna sauti moja inayosikika kutoka Gikomba hadi Kongowea, na kutoka vibanda vya Kitale hadi mashamba ya Nyeri. Ni mlio wa kufuli zikifungwa. Mfanyabiashara anafunga duka, mkulima anafunga zizi, naye mama anafunga mlango wa nyumba baada ya kuhesabu watoto, kisha anautia ufunguo chini ya mto na kulala.

Wote hao wanamfikiria mwizi. Ni wachache wanaojiuliza swali la pili: je, moto ukizuka saa nane za usiku, mlango huu utafunguka upesi kiasi gani kutoka ndani?

Swali hilo si la kupuuzwa. Mnamo Machi 2001, moto uliteketeza bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, usiku wanafunzi wakiwa wamelala, na wavulana 67 wakafariki. Bweni hilo lilikuwa na milango miwili lakini mmoja ulikuwa umetiwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla ya hapo, Machi 1998, zaidi ya wasichana 20 walikuwa wamefariki katika bweni la Shule ya Bombolulu, Pwani, ambako pia vyuma vya madirisha viliwanyima njia ya kutokea.

Vyuma na kufuli hizo ziliwekwa kwa nia njema, ili kuwalinda watoto. Ndiposa mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ukaagiza kwamba milango ya mabweni ifunguke kwa nje, isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasitiwe vyuma.

Nyumba zetu, hata hivyo, hazikaguliwi na mtu. Mwenye nyumba ndiye mkaguzi. Katika makala haya tutaangalia jinsi mkulima au mfanyabiashara mdogo anavyoweza kununua na kufunga vitasa, makomeo na kufuli kwa njia ambayo itamzuia mwizi bila kuigeuza nyumba kuwa jela.

Kanuni ni moja

Ukisahau mengine yote, ndugu msomaji, kumbuka hili: mlango wa mahali wanapolala watu unapaswa kuwa mgumu kwa aliye nje asiye na ufunguo, na mwepesi kwa aliye ndani hata akiwa hana ufunguo.

Sababu ni muda. Wataalamu wa kuzuia moto husema kwamba tangu moto uanze kushika ndani ya nyumba ya kawaida, huenda ukawa na dakika mbili tu za kutoka ukiwa hai, na pengine chini ya hapo. Magodoro ya sponji, makochi na mapazia ya nailoni huwaka upesi na kutoa moshi mzito.

Moshi huo ndio huua watu wengi kuliko ndimi zenyewe za moto. Ndani yake mna hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu. Humlegeza mtu, humchanganya akili na kumlaza kabla hajaufikia mlango. Aidha, moshi hufanya chumba kuwa cheusi hata kama taa ingali inawaka.

Sasa jaribu kupata picha ya mtu aliyeamshwa usingizini, anakohoa, haoni, anatafuta ufunguo ulio mfukoni mwa suruali iliyotundikwa, kisha anatafuta tundu la kufuli kwa vidole vinavyotetemeka. Kufuli yenyewe ni ya chuma na huenda imeshika moto kiasi cha kuunguza mkono. Dakika mbili hazimtoshi.

Jambo hili linafaa kupimwa leo usiku. Zima taa, fumba macho, lala kitandani, kisha mwambie mtu ahesabu. Inuka, nenda mlangoni, ufungue na utoke nje. Halafu mwache mtoto wako wa miaka minane au tisa ajaribu vilevile. Ikiwa mmoja wenu atashindwa kabla ya kuhesabiwa thelathini, mlango huo una kasoro.

Aina za vifungio na kasoro zake

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi utakuta vifungio vya kila namna, na muuzaji hukuonyesha kwanza kile kizito zaidi. Uzito pekee hautoshi. Uliza kila kimoja maswali mawili: mwizi atakifunguaje akiwa nje, na mtoto atakifunguaje akiwa ndani?

Kufuli. Hii ndiyo maarufu zaidi kwa kuwa ni rahisi na haihitaji fundi hodari. Ni nzuri kwa mlango wa mahali pasipo na mtu ndani: ghala, duka lisilolaliwa, banda la kuku, chumba cha pampu. Unaponunua, tazama upinde wake. Uwe mnene na wa chuma kigumu, na sehemu inayobaki wazi iwe fupi ili mkasi wa kukatia vyuma usipate nafasi ya kuingia. Wanaoishi karibu na bahari wachague yenye mwili wa shaba, kwani chumvi hula chuma cha kawaida.

Udhaifu mara nyingi hauko kwenye kufuli yenyewe bali kwenye pete na bati inayopitishiwa. Kufuli ya bei ghali iliyotundikwa kwenye bati jepesi lililoshikwa kwa skrubu fupi ni kazi bure, kwa kuwa mwizi hung'oa bati na kuiacha kufuli ikiwa nzima. Bati hilo lichomelewe kwenye mlango wa chuma, au likazwe kwa bolti zinazopenya mbao hadi upande wa ndani, na vichwa vyake vifunikwe bati linapofungwa.

Kwa mlango wa nyumba ya kulala, kufuli isitumiwe kutoka ndani usiku. Vilevile, usimfungie mtu ndani kwa kufuli ya nje, awe mtoto, mfanyakazi au mgonjwa. Magazeti yamechapisha mara nyingi habari za watoto waliofungiwa nyumbani mzazi akienda sokoni alfajiri, na koroboi au jiko likawasha moto.

Komeo. Kipande hiki cha chuma kinachosukumwa kutoka ndani hadi kwenye tundu la mwimo ni cha bei nafuu na hakina ufunguo wa kupotea. Kikiwa kinene na kimekazwa vyema, humsumbua mwizi kwa kuwa upande wa nje hakuna tundu la kuchokora. Weka mawili: moja karibu na usawa wa kiuno na jingine chini kidogo. Komeo la juu kabisa ya mlango ni tatizo, sababu mtoto halifikii, na ni huko juu moshi hujaa kwanza.

Kasoro ya komeo ni kwamba halikusaidii ukiwa umetoka. Kwa hivyo linahitaji mwenzake, kitasa au kufuli ya nje ya kutumiwa nyumba ikiwa tupu. Wazee wa Lamu na Unguja walilijua jambo hili. Milango yao ya kuchongwa ilikuwa na mnyororo wa nje wa kufungia nyumba wenyewe wakiwa safarini, na kwa ndani kulikuwa na kifungio cha kusukuma kwa mkono tu.

Kitasa cha leva. Hiki hutobolewa nafasi ndani ya ubao wa mlango, na ndicho kilichoko katika nyumba nyingi za kukodi. Ndani yake mna vibati viitwavyo leva, ambavyo ufunguo huviinua vyote kwa kiwango sawasawa kabla ulimi wa kitasa haujasogea. Kadiri leva zinavyozidi ndivyo kinavyokuwa kigumu kuchokora. Chenye leva mbili kinafaa vyumba vya ndani tu. Kwa mlango wa nje, tafuta chenye leva tatu au zaidi, na chenye leva tano ni bora.

Tatizo ni kwamba kitasa hiki huhitaji ufunguo pande zote mbili. Watu wengi hukifunga usiku na kuuondoa ufunguo, wakihofia kwamba mwizi atausukuma kwa waya uanguke kwenye karatasi aliyoipitisha chini ya mlango kisha auvute nje. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kukitumia kitasa hicho mnapotoka, na usiku mkiwa ndani mtumie makomeo.

Kitasa cha kujifunga, kile ambacho nje kina tundu la ufunguo na ndani kina kidude cha kuzungusha au kuvuta. Ni chepesi kwa aliye ndani, na hilo ni jambo jema. Lakini mlango ukisukumwa na upepo hujifunga wenyewe, na wengi wamejikuta nje ilhali ndani mna jiko linalowaka na mtoto aliyelala. Atakayekitumia aweke ufunguo wa pili kwa jirani anayemwamini. Pia, kiwe na komeo la kukisaidia, maana ulimi wake wa springi huweza kurudishwa nyuma kwa kipande cha plastiki ikiwa mlango haujakaa sawa.

Kitasa cha silinda chenye kishikio cha kuzungusha ndani. Kwa nyumba ya kulala, hiki ndicho tunachokipendekeza kwa yeyote anayekimudu. Silinda hutumia pini ndogo na springi, mtindo ulioboreshwa na Mmarekani Linus Yale katika miaka ya 1860 na ambao bado unatumika katika vitasa na kufuli nyingi duniani. Nje unatumia ufunguo. Ndani unazungusha kishikio kwa vidole viwili na mlango unafunguka.

Unapokinunua, mwambie muuzaji unataka silinda yenye kishikio upande mmoja, kwani zipo zenye tundu la ufunguo pande zote mbili na kwa mbali zinafanana. Pima unene wa mlango wako kwanza. Silinda isichomoze nje ya bati la kishikio kwa zaidi ya milimita tatu, kwa kuwa iliyochomoza hushikwa kwa koleo na kuvunjwa.

Kishikio cha ndani kina adui mmoja, nalo ni dirisha au kioo kilicho karibu na mlango. Mwizi huvunja kioo, akaingiza mkono na kukizungusha. Ukiwa na mlango wa namna hiyo, weka wavu mgumu wa chuma nyuma ya kioo, au ubadilishe sehemu hiyo iwe ya mbao au bati.

Kwa wanaonunua bidhaa kutoka Uingereza, kuna alama mbili za viwango zinazofaa kujulikana. BS 3621 huwekwa kwenye kitasa kigumu kwa mwizi lakini kinachohitaji ufunguo hata ndani. BS 8621 huwekwa kwenye kitasa kinachomzuia mwizi vilevile, ila ndani kinafunguka bila ufunguo. Hiki cha pili ndicho cha nyumba wanamolala watu.

Siku hizi kuna pia vitasa vya namba na vya alama ya kidole. Kabla ya kulipa, hakikisha kina kishikio cha ndani kinachofanya kazi kwa mkono hata betri ikiisha au umeme ukipotea.

Mlango wenyewe na mwimo wake

Ni wezi wachache wanaokaa mlangoni usiku wakichokora kitasa. Wengi hutumia teke, mtaimbo au jiwe. Kwa sababu hii, fedha za kitasa zitapotea bure ikiwa mlango ni wa mbao nyembamba au mwimo umeshikwa na misumari miwili.

Tazama mambo manne. Kwanza, mlango wa nje uwe wa mbao ngumu nzima au wa chuma. Pili, mwimo ushikwe kwenye ukuta kwa vyuma vilivyozamishwa kwenye saruji, juu, katikati na chini. Tatu, bati ambalo ulimi wa kitasa huingia likazwe kwa skrubu ndefu, za inchi tatu hivi, zinazopita mwimo hadi ukutani. Nne, bawaba. Ikiwa mlango unafunguka kwa nje, pini za bawaba huwa nje pia na mwizi anaweza kuzing'oa, kwa hivyo mwambie fundi azichomelee ncha zake.

Mlango wa bati au chuma unaotengenezwa na mafundi wa jua kali una kasoro nyingine. Hutobolewa tundu la kupitisha mkono ili mtu afunge na kufungua kufuli moja kutoka ndani au nje. Usiku familia hutia kufuli hiyo kwa ndani na ufunguo kuwekwa mbali.

Mabadiliko yake si ya gharama kubwa. Mpe fundi kazi ya kuongeza komeo nene la ndani, liwekwe mbali na tundu hilo kiasi kwamba mkono wa mtu mzima hauwezi kulifikia kutoka nje. Usiku tumia komeo hilo peke yake. Kufuli ibaki kwa ajili ya mchana mnapotoka.

Vyuma vya madirisha

Mlango unaweza kuwa mzuri na bado moto ukaanzia hapo hapo mlangoni, hasa katika nyumba ya vyumba viwili ambapo jiko liko sebuleni. Katika hali hiyo dirisha ndilo mlango wa pili, na katika nyumba zetu nyingi dirisha limezibwa kwa vyuma vilivyochomelewa.

Hatusemi uvitoe vyote. Chagua dirisha moja katika kila chumba cha kulala, na mwambie fundi atengeneze sehemu ya vyuma hivyo iwe na bawaba, ifunguke kwa nje kama mlango mdogo. Kifungio chake kiwe komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, lililofunikwa kwa kipande cha bati ili anayeingiza mkono kutoka nje asilifikie.

Kuhusu ukubwa, kanuni za ujenzi za Uingereza zinaweza kutuongoza. Zinataka nafasi ya kutokea iwe na upana na kimo kisichopungua sentimita 45 kila upande, jumla ya eneo lake lisiwe chini ya theluthi moja ya mita mraba, na sehemu ya chini isizidi sentimita 110 kutoka sakafuni. Sentimita 45 kwa 75 hutosha. Mjaribu mtu mnene kuliko wote nyumbani. Akipita, wengine watapita.

Anayelala nyuma ya duka

Kuna wafanyabiashara wengi wanaolala ndani ya duka ili kulinda mali. Mlango wa mbele una kufuli mbili, wa nyuma umezibwa kwa magunia ya sukari na katoni za sabuni, na kando ya kaunta kuna mtungi wa mafuta taa, mitungi ya gesi, na siku hizi betri za simu na za pikipiki za umeme zikichajiwa usiku kucha. Moto ukizuka hapo, mwenye duka hana njia.

Anayelazimika kulala dukani awe na milango miwili inayofunguka, na ule wa nyuma usiwekewe bidhaa hata kwa siku moja. Mafuta, gesi na betri zinazochajiwa zikae mbali na njia ya kutokea. Mlango wa mbele unaweza kubaki na kufuli zake za nje ikiwa wa nyuma una komeo la ndani.

Aidha, usimwache kijana wa kazi alale dukani ukamfungia kwa nje ati asije akaiba. Biashara za ulimwengu zilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mnamo Machi 25, 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, Marekani. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ilielezwa kuwa wenye kiwanda walitaka wafanyakazi wote watokee mahali pamoja mikoba yao ipekuliwe. Watu 146 walifariki, wengi wao wasichana wahamiaji. Sheria nyingi za Marekani za milango ya kutokea zilitokana na siku hiyo, na msingi wake ni kwamba mlango wa kutokea lazima ufunguke kutoka ndani bila ufunguo.

Geti la ploti

Wapangaji katika miji yetu wana shida nyingine. Chumba chako kinaweza kuwa na komeo zuri, lakini geti la ploti linafungwa saa tano za usiku na ufunguo unabaki na mlinzi au msimamizi, ambaye huenda analala mbali au amekwenda zake. Familia ishirini huwa zimefungiwa ndani ya ua mmoja.

Mwenye ploti anaweza kuondoa hatari hii kwa kuweka kitasa chenye kishikio cha ndani, kikiwa ndani ya kisanduku cha bati ili mkono wa nje usikifikie. Asipotaka, basi kila mpangaji apewe ufunguo wake, na mwingine uwekwe ndani ya kisanduku cha kioo karibu na geti, kioo kivunjwe wakati wa dharura. Wapangaji nao wana haki ya kuyadai haya kwa pamoja kabla hawajalipa kodi ya mwezi ujao.

Zizi, ghala na mchungaji

Mkulima ana sababu zake za kupenda kufuli. Wizi wa ng'ombe umewafanya wengi kujenga mazizi kama benki, na baadhi hufunga hata mnyama mwenyewe kwa mnyororo na kufuli.

Ng'ombe hawezi kujifungulia, hivyo ufunguo wa zizi lazima ufikiwe haraka na zaidi ya mtu mmoja. Kuwe na funguo mbili, moja kwa mzee wa boma na moja mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua. Kufuli kadhaa zinazofunguliwa kwa ufunguo mmoja huuzwa pamoja, na kwa mwenye zizi, ghala na banda la kuku hizo hupunguza kutapatapa. Mkasi wa kukatia vyuma au mtaimbo uwekwe ndani ya nyumba kuu, usiachwe nje mwizi akautumia.

Nyasi kavu na mabua yasirundikwe kando ya ukuta wa zizi au nyumba. Nyasi zilizofungwa kabla hazijakauka vizuri hupata joto zenyewe ndani kwa ndani na zinaweza kuwaka bila kiberiti.

Na ikiwa mchungaji analala katika chumba kilicho pamoja na zizi, mlango wake ufungwe kwa komeo la ndani. Kuna waajiri wanaomfungia kwa nje pamoja na mifugo. Mali ya mtu haistahili kulindwa kwa namna hiyo, maana ng'ombe hununuliwa tena.

Funguo na matunzo

Katika nyumba ambayo bado inatumia kitasa cha ufunguo pande zote, weka msumari mmoja karibu na mlango, kwenye kimo ambacho mtoto anafikia lakini mbali na dirisha kwa zaidi ya urefu wa mkono. Ufunguo wa ndani ukae hapo kila usiku na usiondolewe kwa sababu yoyote. Mgeni anayelala aonyeshwe mahali hapo kabla ya taa kuzimwa.

Ufunguo ukipotea, au mfanyakazi akiondoka bila kuurudisha, badilisha silinda. Si lazima ununue kitasa chote.

Kitasa kigumu kuzunguka hakitakuwa chepesi siku ya moto. Makomeo na bawaba yapakwe mafuta kila baada ya miezi michache. Kwa silinda, unga wa penseli ni bora kuliko mafuta, kwa kuwa mafuta hushika vumbi na kuzigandisha pini. Chora ufunguo kwa penseli pande zote, uingize na kuutoa mara kadhaa.

Mlango uliovimba wakati wa mvua nao upigwe randa mapema. Usingoje kiangazi kiupunguze.

Pa kuanzia kama fedha ni chache

Tunajua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawawezi kubadilisha kila kitu kwa mara moja. Lakini kuna hatua ambazo hazigharimu kitu. Usiku wa leo, ondoa kufuli ya ndani kwenye mlango wa kulala ikiwa kuna komeo. Hamisha magunia yaliyoziba mlango wa nyuma. Piga msumari wa ufunguo. Zima koroboi na jiko kabla ya kulala, na jiko la makaa lisilale ndani hata likionekana kufifia.

Mwezi ujao, nunua komeo nene na skrubu ndefu. Baada ya mavuno, au faida ya msimu wa sikukuu ikiingia, mwite fundi wa kuchomelea afungue dirisha moja la kila chumba. Kitasa cha silinda kinaweza kufuata, kisha king'ora cha moshi kwa atakayekipata, kwani humwamsha mtu dakika bado zipo.

Mwisho, fanyeni mazoezi pamoja. Watoto wafundishwe kutambaa chini ya moshi, kufungua komeo wakiwa wamefumba macho, kufunga mlango wa chumba nyuma yao ili moto usisambae upesi, na kukutana chini ya mti mmoja unaojulikana. Aliyetoka asirudi ndani kuchukua kitu chochote. Kutoka hapo ndipo mtu apige simu 999 au 112 na kuwaita majirani.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mwizi akivunja mlango ataondoka na redio, gunia la mahindi au fedha za mauzo ya siku. Hasara hiyo inauma, lakini kesho soko litafunguliwa na shamba litalimwa. Kabla hujalala leo, simama nyuma ya mlango wako, uzime taa, na uhesabu unachukua muda gani kuufungua.